Albamu ya Sijasamehe

Kavata alikuwa anachagua nyanya sokoni Mutindwa aliposikia sauti yake mwenyewe ikimsema mwanaume kutoka kwenye spika ya muuza madera.

"Uliniacha mlangoni, nywele mpya kichwani," iliimba ile spika, "jirani wanauliza, bwana harusi yu njiani?"

Nyanya ikamtoka mkononi. Wimbo wenyewe ulipigwa redioni jana tu, tayari uko sokoni! Wanawake waliokuwa wakigeuza geuza madera walitulia kusikiliza, na Khadro, mwenye kibanda, akatikisa kichwa.

"Wallahi huyu mama alitendwa," akasema. "Bado kidogo amtaje jina."

Spika ikakwaruza. Nyuma yake alikuwa amechuchumaa mwanaume mmoja, amewapa mgongo, bisibisi mkononi. "Spika yako haina neno, dada," akamwambia Khadro bila kugeuka. "Tatizo ni gitaa la huyo mwimbaji. Limekazwa mno. Sikia anavyopanda hapo, anajikaba koo. Aliyempigia hamjui."

Kavata akahisi damu inampanda masikioni. Sauti ile angeijua hata katikati ya mnada.

"Na wewe unamjua?" akauliza.

Mwanaume akageuka. Alikuwa Hamidi. Mvi zimemwingia kidevuni, shati lina matobo madogo ya kuunguzwa na risasi ya kuchomelea nyaya, lakini macho ni yale yale, ya mtu anayetaka kucheka hata msibani. Safari hii hayakucheka. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo, buti nyeusi, jaketi la ngozi lililochakaa viwiko, midomo imepakwa rangi ya zambarau kama zamani, na mfuko wa sukuma wiki umening'inia mkononi.

"Kavata," akasema.

"Usinitaje."

"Wimbo ni mzuri."

"Ni wako. Albamu nzima ni yako. Inaitwa Sijasamehe. Umeelewa au nikutafsirie?"

Khadro akapunguza sauti ya spika asikose hata neno moja.

Acha niwaambie mapema, mimi niko upande wa Kavata, na asiyependa anyanyuke. Huyu ndiye aliyekuwa sauti ya Vumbi Kali, kundi la roki lililotikisa kumbi za Eastlands wakati vijana wa leo wananyonya. Wazee wa mitaa walisema ni kelele za mashetani. Vijana walirarua fulana. Hamidi, kijana wa Kiswahili kutoka Majengo, ndiye aliyepiga gitaa, na ndiye aliyempenda Kavata mchana kweupe, hamfichi mtu. Wakakubaliana kuoana. Kwao Kavata ni Wakamba, na kwa Wakamba binti hawi mke wa mtu mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwa baba yake. Siku ikapangwa. Kavata akaenda mtaa wa Umoja kusukwa nywele, foleni ikawa ndefu, akarudi mbio kwao, mtaa wa Tena, na kichwa kinamuuma. Akakuta viti vitupu uani na baba yake, Mzee Mbithi, ameketi peke yake.

"Hawakuleta mbuzi," baba akasema. "Na jina lake lisitajwe tena katika nyumba hii."

Halikutajwa. Kavata alivunja kadi ya simu kwa meno. Hamidi naye akalitoroka kundi, akaenda Mombasa. Wiki iliyofuata Vumbi Kali walipanda jukwaani uwanjani, onyesho kubwa kuliko yote, na mpiga gitaa mpya. Kwenye wimbo wa kwanza tu sauti ya Kavata ikapasuka. Kwenye wa pili ikapasuka tena. Watu wakacheka, kisha wakarusha chupa, na roki ya Kavata ikaishia pale. Miaka yote hii ameimba kwaya za watu wengine kwenye harusi za watu wengine. Hasira ameitunza vizuri, haijapata kutu.

"Hukuja," sasa alimwambia Hamidi, pale pale mbele ya nyanya.

"Nilikuja."

"Muongo wewe! Tena muongo wa mchana!"

"Muulize baba yako mlivyomtenda mama yangu."

"Baba yangu usimguse! Mimi nakuuliza wewe, unaniletea habari za mama?"

Hamidi akaifuta bisibisi kwenye suruali, polepole. "Basi. Unataka nini, Kavata?"

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na tabasamu lake likawa baya. "Nazindua albamu Makadara, ukumbini, Jumapili ijayo baada ya hii. Nataka gitaa ulipige wewe. Kila wimbo unaokuchamba, uupigie wewe mwenyewe kwa mkono wako, watu wakutazame."

Alitegemea akatae. Hamidi akaitia bisibisi mfukoni.

"Mazoezi ni wapi?" akauliza.

* * *

Mazoezi yalikuwa mtaa wa Baba Dogo, katika studio ya Mugo, juu ya karakana ya vyuma. Mugo ndiye fundi wa sauti wa Kavata tangu enzi za Vumbi Kali, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Alipomwona Hamidi anapanda ngazi na gitaa begani alisema "Haiya!" na hakusema kingine siku nzima.

Hamidi aliketi, akainamia gitaa, akazungusha vifundo vya nyuzi kimya kimya. Akaanza kupiga.

Kavata akafungua mdomo, na sauti ikatoka. Haikukwama, haikukwaruza. Nyimbo zenyewe hazikuwa tena za kupiga mayowe. Alikuwa ameziandika chini chini, za mtu aliyekaa jikoni na maumivu yake, na ile sauti nzito ya utu uzima ikazibeba mpaka mafundi wa karakana wakazima mashine kusikiliza. Alipomaliza "Mlangoni", mmoja akapiga ukelele kutoka chini: "Mathe, mama yetu, rudia hiyo!"

Jioni simu yake ikalia.

"Ule mstari wa tatu," Hamidi akasema, "ule wa kuniita fisi."

"Umekuuma?"

"Hapana. Fisi ana miguu mifupi nyuma. Mimi nina miguu mizuri, ulikuwa ukiisifu mwenyewe."

"Nilikuwa mtoto. Nilikuwa nasifu hata vibao vya njia."

"Niite chui basi."

"Nitakuita kunguru ukizidi. Lala."

"Nilale, na wewe je, malkia?"

"Malkia yuko wapi? Kata simu, Hamidi."

Hakukata yeye, na Kavata pia hakukata. Kesho yake akapiga tena, na kesho kutwa. Alimuuliza kama bado anatia chumvi kwenye maembe mabichi. Kavata akamuuliza kama ameoa. Alioa Mombasa, hawakuelewana, wakaachana kwa heri. Kavata hakuolewa. "Nani angenichukua?" akasema. "Nilikuwa nauma." Hamidi akacheka mpaka akakohoa, na Kavata, Mungu anamwona, akajikuta amelala na simu kifuani kama msichana wa shule.

Nilikasirika naye, sifichi. Albamu yaitwa Sijasamehe, na mwenyewe keshaanza kupaka hina!

Ilikuwa siku tatu kabla ya uzinduzi, wanakunywa chai ya Mugo studioni, alipouliza swali lililovuruga kila kitu.

"Hamidi, hebu niambie. Ukipiga wewe sauti yangu inapita tu. Wakipiga wengine najikaba. Kwa nini?"

"Nalegeza nyuzi," akasema, mdomo umejaa mkate. "Nashusha gitaa lote nusu sauti. Mara nyingine zaidi, nikikuona umechoka."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Tangu Vumbi Kali. Ulikuwa unajiona unafika mbinguni, nami sikutaka kukwambia kuwa mimi ndiye ninayeishusha mbingu."

Kavata alicheka. Alikuwa bado anacheka macho yalipoanza kubadilika. Akaweka kikombe chini.

"Ile siku ya uwanjani. Yule mpiga gitaa mpya hakulegeza."

Hamidi akaacha kutafuna.

"Hakujua," akasema.

"Na wewe ulijua kwamba hajui."

Chini, mashine ya kukata vyuma ililia, ikanyamaza.

"Nilijua," Hamidi akasema. "Ningemwachia neno moja tu na sikumwachia. Nilikuwa na hasira, Kavata. Nilitaka na wewe uaibike mbele za watu kama mama yangu alivyoaibika. Nilikuwa Mombasa niliposikia walikurushia chupa. Sikula siku ile. Lakini nilijua."

Kavata alisimama, akavaa jaketi lake, akafunga zipu mpaka shingoni. Hakumtukana. Angemtukana ningefurahi, maana mwanamke anayetukana bado anazungumza. Alishuka ngazi bila neno.

Wako watu mtaani waliomtetea Hamidi baadaye, kwamba alikuwa kijana, kwamba aliumia. Mimi simtetei. Uliyelala naye ndoto moja, unamwacha apande jukwaani na unajua ngazi imekatwa?

Usiku ulipopita, asubuhi Kavata akampigia Mugo.

"Wimbo wa mwisho, 'Mlangoni'. Nikivua jaketi, zima gitaa la Hamidi."

"Kabisa?"

"Kabisa. Asisikike hata kidogo. Nataka asimame pale mbele ya watu na mikono inacheza na sauti hakuna. Aonje."

Mugo alivuta pumzi. "Lakini na wimbo utaharibika, Kavata. Ni albamu yako."

"Nimesema uzime, Mugo."

Hamidi naye alipiga simu, akapiga, akapiga. Hatimaye Kavata akapokea, sauti tamu kama asali.

"Kavata, nisamehe, wallahi..."

"Uje mapema Jumapili. Vaa shati jeupe."

"Umenisamehe?"

"Uje tu, laazizi."

* * *

Jumapili alasiri ukumbi wa Makadara ulifurika. Walikuja wazee wa roki wenye vitambi ndani ya fulana nyeusi zilizowabana, na wake zao wakiwacheka. Walikuja vijana ambao hawajawahi kusikia Vumbi Kali. Khadro alikuja na nusu ya soko la Mutindwa. Kavata alivaa gauni refu jekundu, na juu yake lile jaketi la ngozi.

Alikuwa chumba cha nyuma akipaka midomo rangi mlango ulipobishwa hodi. Akaingia mama mzee wa buibui, leso mkononi, anatembea kwa kujishika ukutani. Ni Bi Jannat, mama yake Hamidi.

"Hujambo, mwanangu?"

"Shikamoo, mama," Kavata akasema, maana adabu haina hasira. Lakini hakumpa kiti.

Bi Jannat akakitafuta kiti mwenyewe, akaketi. "Sikuja kukuombea mwanangu msamaha. Ameniambia alilokutenda, nami nimemwambia ni unyama. Nimekuja kuuliza jambo langu. Limenikaa hapa," akagusa koo, "miaka yote. Ile nyama ilikuwa na kosa gani?"

"Nyama gani?"

"Ya mbuzi wale watatu, mwanangu. Nyama ya posa yako."

Kavata akageuka polepole na ile rangi mkononi.

"Nilijisemea," Bi Jannat akaendelea, "wakwe zetu Wakristo. Wakichinja wenyewe sisi hatutaweza kula, tutakaa kwenye shughuli ya mwanetu tukitazama sahani. Na wao wataona tunawaringia. Bora nichinjishe mapema pale soko la nyama la Burma, kwa mchinjaji wetu, niwaletee nyama safi, sote tule sinia moja. Nilichagua mbuzi mwenyewe, walionona. Tukafika kwenu na mabeseni matatu, tumeyafunika kwa vitambaa vyeupe. Baba yako akafunua. Kavata, sijaona mtu akikasirika vile. Alituambia tutoke mlangoni pake na damu yetu. Na majirani wanatazama. Hamidi akauliza, Kavata yuko wapi, akajibiwa hakutaki. Ile nyama tuliila wenyewe siku tatu. Kila tonge tunalia."

Kavata alichukua simu. Akampigia baba yake.

"Baba."

"Wewe si unaimba leo?" Mzee Mbithi akasema. "Watu wamejaa?"

"Siku ya ntheo. Kina Hamidi walikuja?"

Redio ilisikika ikizungumza nyumbani kwake.

"Walikuja na nyama," baba akasema.

"Uliniambia hawakuleta mbuzi."

"Kwani walileta? Mbuzi wa ntheo ni wa kuja anatembea, analia, watu wamwone. Wao waliniletea maiti mlangoni, siku ya binti yangu! Kwetu mtu akikuletea ntheo iliyokufa anakwambia nini? Si anakuombea uzazi ufe?"

"Walikuwa hawajui, baba. Mama yake alitaka tule sinia moja."

"Na mimi ningejuaje kwamba hawajui?" Sauti ya mzee ilipanda, kisha ikapungua. "Hawakusema. Walisimama tu na mabeseni."

"Na nani aliyesema simtaki?"

Redio ikazimwa. "Mimi," akasema. "Nilikuwa na hasira."

Kila mtu alikuwa na hasira siku ile! Na aliyelipa ni msichana aliyekuwa Umoja anasukwa nywele.

Nje watu walianza kupiga miguu sakafuni. "Ka-va-ta! Ka-va-ta!" Kavata akafuta macho kwa kiganja, akamsaidia Bi Jannat kusimama, akamwekea kiti mstari wa mbele. Kisha akapanda jukwaani. Hamidi alikuwa amefika zamani, shati jeupe, amelegeza nyuzi tayari.

Aliimba nyimbo zake zote za kulaani, na Hamidi akazipiga zote, uso chini, kama mtu anayesomewa mashtaka. Wazee wa vitambi walilia waziwazi. "Huyu mathe ni moto!" vijana wakapiga kelele. Ukafika wimbo wa mwisho.

Mugo alimtazama kutoka kwenye mitambo. Vidole vya Kavata vilikuwa kwenye zipu. Habari ya mbuzi, sawa, Hamidi hakuwa na kosa. Lakini nyuzi je? Nani alimlazimisha kunyamaza? Aliwaza uwanja ule, chupa ile iliyompiga begani, miaka ya kuimba nyuma ya watu.

Akavua jaketi.

Gitaa likafa. Vidole vya Hamidi viliendelea kidogo, kisha akatazama waya, akamtazama Mugo, akamtazama Kavata. Akaelewa. Ukumbi ukaanza kuguna. "Gitaa! Gitaa wapi?" Mtu akazomea, kisha wengi. Chupa tupu ya maji ikaruka ikamgonga Hamidi begani, kwenye lile shati jeupe. Kavata hakuwazuia. Aliwaacha wazomee mpaka aliposhiba, na nasema kweli, nilishiba pamoja naye.

Hamidi hakukimbia. Hakuweka gitaa chini. Aliinama akaanza tena kupiga lile gitaa bubu, wimbo kutoka mwanzo.

Kavata alitaka kuanza kuimba, akatafuta sauti ya kuanzia, hakuipata. Ilimpotea kabisa. Ikawa kama siku ile uwanjani. Ndipo akasikia, kidogo, kidogo sana, nyuzi zenyewe bila umeme, zikilia kama nzi ndani ya kopo. Akasogea hatua moja. Akasogea nyingine. Ukumbi ulidhani ni mapenzi, watu wakapiga vigelegele. Kumbe mwenzao anatafuta pa kushika. Alisimama karibu na Hamidi mpaka mabega yakagusana, sikio lake juu ya nyuzi, na zilikuwa zimelegezwa vile vile, zimeshushwa kwa ajili yake. Akaimba.

Aliimba "Mlangoni" yote hivyo, ukumbi mzima unasikia sauti peke yake, na yeye peke yake anasikia gitaa. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi mara moja. Bi Jannat alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Kavata akashika maiki.

"Mnamwona huyu?" akasema. "Ndiye mwanaume wa nyimbo hizi zote."

Ukumbi ukalipuka. "Ati nini!"

"Aliniacha nikose sauti mbele yenu. Leo nimemwonjesha. Hamidi, kumekuuma?"

Hamidi akasogelea maiki. "Kumeniuma."

"Vizuri." Akavuta pumzi. "Basi sikia. Mbuzi watatu. Jumamosi, kwa baba, Tena. Na waje kwa miguu yao."

Hamidi akageuka kumtazama mama yake. Bi Jannat ndiye aliyejibu, kutoka mstari wa mbele, kwa kigelegele kilichowashtua hata vijana.

* * *

Jumamosi mtaa wa Tena uliziba. Mbuzi watatu walikuja wakivutwa kwa kamba, mmoja mkaidi anajikita kila penye jani, mwingine ametafuna pindo la buibui ya Bi Jannat. Nyuma yao alitembea mchinjaji kutoka Burma na kisu chake, amevaa kanzu, ili safari hii kazi ifanyike uani kwa mzee na wote waweze kula sinia moja. Hamidi alikuwa na alama za kwato zenye matope kwenye suruali mpya.

Lango lilikuwa limefungwa. Mzee Mbithi alisimama ndani, mkono juu ya komeo, akisikiliza. Mbuzi mmoja akalia. Mzee akafumba macho.

"Wako hai, baba yake," Bi Jannat akaita kutoka nje. "Wamenipiga pembe njia nzima!"

"Mama yake Hamidi," Mzee Mbithi akasema, "siku ile ningekuuliza." Akavuta komeo. "Ningekuuliza tu."

Akafungua.

Kavata alikuwa mlangoni, nywele zimesukwa upya. Hamidi akamsogelea, akamnong'oneza, "Sasa albamu utaibadilisha jina?"

"Thubutu!" Kavata akasema, akampokea kamba ya yule mkaidi. "Imeshachapishwa. Vuta mbuzi wako aingie."